Wenyeviti Wawili wa Wahindi Saba

Ijumaa, 5 Desemba
Siku njema! Doyo, katibu wa kamati ya sherehe za Jamhuri, amepita dukani kwangu kununua misumari. Ameniambia kila jamii ya Isiolo italeta kikundi cha ngoma uwanjani, na mwenyekiti wake ataketi mbele, hemani, kwenye kiti kilichovishwa kitambaa. Nikasema Wahindi watakuwepo. Akauliza tuko wangapi. Nikamkumbusha kwamba serikali ilishatutambua kuwa kabila la arobaini na nne la Kenya. Akasema hilo analijua, anauliza hapa Isiolo tuko wangapi.
Nikakohoa. Tuko saba. Nikimhesabu Hasmukh wa duka la vitambaa, ambaye kwa kawaida simhesabu.

Jumamosi, 6 Desemba
Mkutano wa jamii, stoo kwangu, juu ya mifuko ya simiti. Nilipendekeza jina langu kwa uenyekiti. Nirupa, mke wangu, aliniunga mkono baada ya kumkazia macho. Ndipo Hasmukh akatoa barua iliyokunjwa mara nane. Eti yeye ni mwenyekiti tangu 1998! Nani alimchagua? Marehemu mjomba wake.
Tukapiga kura. Tatu kwa tatu. Kura ya saba ilikuwa ya Ba, mama yangu, mwenye miaka themanini na moja. Alikuwa anachambua dengu. Akasema hana nafasi.
Basi tuna wenyeviti wawili. Kwa watu saba!

Jumatatu, 8 Desemba
Ngoma yetu ya vijiti inataka watu wengi wenye magoti mazima. Katika jamii nzima nimehesabu magoti mazima manne. Nikapata wazo. Vijana kumi wa mtaa wa Bulla Pesa wanaonipakulia simiti nimewavika vilemba na kuwapa vijiti. Nirupa akauliza tangu lini watu wetu wakavaa vilemba. Nikamwambia uwanja ni mkubwa, lazima tuonekane.
Vijana wanapiga vijiti kama watu wanaoua nyoka. Rafu ya rangi imeanguka. Saa nane wakaenda kula, hawakurudi. Hasmukh amewapikia pilau ya mbuzi! Hasmukh, ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe!
Jioni tukapatana kwa shingo upande. Vijana ni wa wote. Wenyeviti tutatangulia, bega kwa bega.

Jumatano, 10 Desemba
Hotuba imekamilika. Inaeleza jinsi babu yangu alivyofika Isiolo kwa miguu kutoka Nanyuki, na punda mmoja, akiwa na ndoto ya taifa. Nikamsomea Ba. Akasema babu alikuja kwa lori na alitapika njia nzima.
Punda nimemwacha abaki. Baadaye nikasikia hotuba ya Hasmukh ina punda wawili. Yangu sasa ina watatu.

Ijumaa, 12 Desemba
Lazima niandike.
Uwanja umejaa. Waborana wakacheza, Waturkana wakacheza, Wasomali wakacheza, Wameru wakacheza. Kisha tukaitwa sisi. Nikageuka kuwatazama vijana wangu. Hakuna hata mmoja! Walikuwa wameshachezea makabila yao, sasa wako kwa muuza soda, jasho likiwatoka. Bila shaka! Ni Waturkana na Waborana, wana ngoma zao. Mbona hakuna aliyeniambia?
Tukabaki wawili katikati ya uwanja, na vilemba. Nikainua kijiti, nikampiga Hasmukh kidoleni. Bahati mbaya. Naye akanipiga changu. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.
Mara Ba akatokea upande wa akina mama wa Kiturkana. Alikuwa ameketi na Akaale, muuza maziwa, rafiki yake wa miaka arobaini. Akaninyang'anya kijiti, akaanza kuimba wimbo wetu kwa sauti yake ile ya mkwaruzo. Akaale akaingia na wenzake, shanga zikirukaruka, wakaitikia kila neno. Wameujulia wapi? Jikoni kwetu, naambiwa. Uwanja ukapiga makofi kwa pamoja.
Mgeni rasmi akaamuru Ba aletwe hemani, akaketishwa kiti cha mbele kabisa. Akapewa kipaza sauti, akaombwa aseme Wahindi wanaionaje Kenya.
Ba akajibu, “Ya Wahindi sijui. Mimi nimezaliwa hapa Isiolo. Maji yamekatika siku ya nne leo. Nani hapa anahusika?”
Vigelegele! Kofia zikaruka! Mgeni rasmi akaahidi mbele ya watu wote. Mimi nilisimama nyuma ya kiti, nimemshikia mwavuli. Machozi yalinitoka. Vumbi tu.

Jumamosi, 13 Desemba
Maji yamerudi alfajiri! Watu wanapita mlangoni kumshukuru Ba, kwa salaam aleikum na kwa habari. Hasmukh pia amekuja. Akasema, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake, kwamba mwenyekiti wa kweli ni Ba. Nikakubali. Tukashikana mikono. Ba akasema hana nafasi.
Baada ya chai nikawaza. Mwenyekiti asiye na nafasi anahitaji msemaji. Nikaandika barua, nikaipeleka mbio kwa Doyo. Mezani kwake nikakuta barua ya Hasmukh, wino haujakauka. Anajitambulisha kuwa Msemaji Mkuu.
Nikaomba kalamu. Nimesahihisha yangu. Mimi ni Msemaji Mkuu wa Kudumu.