Vitu Nilivyovitamani Mimi Kwanza

Kwa Meneja,
Duka Kubwa la Kona.

Ndugu Meneja,

Yah: KUMUUZIA RAFIKI YANGU VITU NILIVYOVITAMANI MIMI KWANZA

Natumaini u mzima na mzigo wa wiki hii umeingia salama. Mimi ni yule fundi saa wa kibanda cha kijani, mkabala na mlango wenu wa nyuma, mteja wenu tangu enzi za mizani ya mawe. Sina tabia ya kulalamika. Mke wangu anasema ninayo, lakini hilo ni la nyumbani na tutalimaliza huko huko.

Ninayemlalamikia ni rafiki yangu, kinyozi, ambaye tunapakana ukuta kwa ukuta tangu watoto wetu wanatambaa. Mtaa mzima unamwita Kiguu na Njia kwa sababu hatulii: asubuhi utamkuta sokoni, ukigeuka yuko posta, ukigeuka tena yuko sebuleni kwako anakunywa chai. Nitamwita Kiguu, kufupisha. Huyu bwana ananunua vitu vyangu. Sisemi anaiba, maana analipa na risiti anazo. Nasema mnamuuzia vitu ambavyo mimi nilishavitamani, na hamuulizi. Naomba nieleze kwa mpangilio.

1. Shati. Mlipolivisha lile sanamu la dirishani shati la buluu la mistari, mimi ndiye niliyeliona kwanza. Nilisimama nje, nikaiangalia kola, nikaviangalia vifungo, nikaenda zangu kufikiri. Mimi sinunui kwa pupa. Haraka haraka haina baraka. Nilikuwa bado nafikiri, kama wiki ya pili hivi ya kufikiri, mara Kiguu huyo, anapita mbele ya kibanda changu kavaa shati langu, tena kola kaisimamisha! Nilipokuja kununua la kwangu, mhudumu wenu alicheka akaniuliza kama tumeanzisha timu. Ndugu Meneja, Kiguu alinitangulia kwa miguu tu. Kwa nia, mimi ndiye niliyemtangulia. Mke wangu, badala ya kunitetea, alisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, akaendelea kukunja nguo.

Matokeo yake ni haya. Siku ya kikao cha wazazi shuleni tulitokea wote na lile shati, kila mmoja hana habari na mwenzake. Mwalimu mkuu alipotuona mlangoni alifurahi mno, akatuonyesha spika zilipo na viti vya kupanga, kwa sababu alidhani ndio vijana wa mitambo aliowakodi. Na tulivipanga. Ungefanyaje? Kiguu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nimebeba spika.

2. Feni. Hili nalisema kwa ufupi kwa sababu linaniuma. Ile feni ya kusimama, yenye kichwa kinachogeuka, niliiota. Sitii chumvi; niliiota usingizini, na asubuhi nikamsimulia Kiguu ndoto yenyewe. Saa sita mchana ilikuwa sebuleni kwake. Yangu nilinunua baadaye, baada ya kutafakari. Yake inageuka kulia na kushoto. Yangu inageuka kushoto tu, na ikishafika huko inakaa.

3. Wimbo. Hapa ndipo penyewe. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye zile spika zenu za darini upande wa unga, huwa mnapiga wimbo fulani wa zamani. Unaanza na gitaa refu, mpaka mtu unasahau kama kuna mwimbaji, halafu anaingia bwana mmoja kumwomba msamaha mtu aliyemkosea. Wimbo ule ni wangu. Sijautunga, la hasha. Ila ukianza, mimi husimama palepale na kitoroli changu, na wateja wenye adabu hunipitia pembeni. Kiguu naye husimama, lakini yeye husimama kwa sababu mimi nimesimama.

Sasa, nyie mkaleta zile flashi za nyimbo za zamani, mkazipanga pale kwa keshia. Nilimwambia keshia nitarudi. Kiguu hakumwambia kitu, alilipa. Niliporudi kununua yangu, jioni ile nikaketi, nikanyoosha miguu, nikauweka wimbo. Lahaula! Kumbe Kiguu naye alishauweka, sekunde chache tu kabla yangu. Basi wimbo wangu, ndani ya nyumba yangu, kwenye redio yangu, ukawa unasikika kama mwangwi wa wimbo wake. Yule bwana anamwomba msamaha Kiguu kwanza, ndipo anakuja kuniomba mimi, tena kama mtu aliyechoka.

Niligonga ukuta. Akaongeza sauti. Nikaenda mlangoni kwake, nikamwomba kistaarabu aweke wimbo mwingine au asubiri nianze mimi. Neno likazaa neno. Nikamwita mdandiaji. Akaniita kivuli. Alisema, mbele ya shemeji na mbele ya fundi bomba aliyekuja kuzibua sinki, kwamba mimi sijawahi kuchagua kitu hapa duniani, na kila nilicho nacho yeye alikishika kwanza. Niliondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na ukuta umekaa kimya pande zote mbili.

4. Wingi wa bidhaa. Hili ni kosa la duka moja kwa moja. Tangu tugombane nimekuwa nikija peke yangu, na nimegundua kwamba vitu vyenu vimezidi. Jumamosi iliyopita nilifuata mswaki. Nikakuta ukuta mzima wa miswaki: laini, migumu, ya wastani, ya mpini uliopinda, na mmoja eti wa safari, kana kwamba kuna meno yanayobaki nyumbani. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama kuna mtu ninamsubiri. Swali lile liliniingia kuliko alivyokusudia. Nikaondoka na ndoo ya kudekia.

Zamani haikuwa hivi. Kiguu angechukua mswaki wowote, akautupa kitorolini, mimi ningemwambia huo si mswaki, tungebishana kuanzia hapo mpaka kwenye sabuni, na mwisho ningechukua kama wake. Siku hizi hakuna wa kubishana naye. Nilijaribu kubishana na mama wa mizani kuhusu vitunguu, akanipimia vitunguu. Na wimbo wangu ulipoanza sikusimama. Nilipita tu, nikalipa, nikaenda nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, ndipo nikawakumbuka ninyi.

Maana ukitazama kwa makini, Ndugu Meneja, chanzo ni ninyi. Msingemuuzia shati, tusingebeba spika. Msingemuuzia flashi, tusingetukanana mbele ya fundi bomba. Kwa maneno mengine, duka lenu limeniuzia ugomvi, na sikupewa risiti ili niurudishe.

Kwa hiyo naomba mambo machache, yote ya kawaida. Mfungue dirisha la kuandikisha matamanio, ili mteja akishatamani kitu kifungwe kikaratasi chenye jina lake na kisiguswe mpaka amalize kufikiri, hata kama ni mwakani. Kila kitu dukani kiwe kimoja tu, kisiwe na pacha. Kiguu akifika, asimamishwe mlangoni aulizwe amefuata nini, na ikiwa ni kitu ambacho mimi ningekipenda, aambiwe kimekwisha. Mkipata shida kujua mimi ningependa nini, mwulizeni yeye mwenyewe. Hakuna mwingine anayejua, na kwa hilo hana uongo. Kuhusu wimbo, upigwe nikiwemo mimi peke yangu, au usipigwe kabisa, maana siku hizi unanitia simanzi.

Nisipopata jibu nitalifikisha kwa mwenye duka. Naye asiponijibu, nitalifikisha kwa mama yake, ambaye saa yake ya ukutani iko kibandani kwangu na haitoki mpaka haki itendeke.

Nisalimie keshia wa kwanza na wa pili, mlinzi (mwambie hapana, sikuwa ninamsubiri mtu), mama wa mizani, wapakuaji wa mizigo, na yule dada wa sabuni ambaye ametusuluhisha mara nyingi bila kujua ugomvi unahusu nini. Watoto wako wapate afya, na mama watoto wako umwambie ile saa yake ya mkononi tayari inatembea.

Ni mimi, mteja wenu wa kwanza kwa nia,
Fundi Saa.

Tanbihi: Nimelazimika kuifungua bahasha tena. Nilikuwa ndio kwanza nimeifunga, mlango ukagongwa, na aliyegonga ni Kiguu. Hakuuliza habari. Aliingia, akakaa, akamwambia mke wangu chai yake iwe na sukari kiasi. Mikono yake ilikuwa mitupu, na mimi sijawahi kumwona Kiguu mikono mitupu siku ya Jumamosi. Anasema tangu tugombane amekuja kwenu kila wiki na hakununua kitu, anashika, anarudisha. Anasema kununua vitu hakuna raha yoyote kama hakuna mtu wa kukasirika ukipita navyo. Nikachukua birika nikammiminia chai mwenyewe. Mke wangu alikwenda jikoni kucheka.

Yote niliyoandika hapo juu naomba uyafute. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu mwandiko umekaa vizuri. Jumamosi ijayo tunakuja wote wawili. Amesema anataka viatu. Sijui ni viatu gani, lakini uweke pea mbili zinazofanana, moja namba yake, moja namba yangu. Na tafadhali sana, Ndugu Meneja, muuzie yeye kwanza.