Ulimi wa Komandoo

Jumatatu, 3 Juni 2024

Asante Mungu kwa kuniumba mjanja! Jirani yangu Wilbert anafungia nguruwe wake bandani, halafu kutwa anahangaika na magunia ya pumba. Mie Komandoo wangu namwachia asubuhi. Anajitafutia mwenyewe Bunju nzima, jioni anarudi kashiba. Nguruwe wa kujitegemea! Wilbert kaniambia nitakuja kulia. Nimemshukuru. Wivu tu.

Jumapili binti yetu Efrasia anapata kipaimara. Nimealika jumuiya yote, na mama mkwe anatoka Songea. Huyu mama hajanisamehe tangu harusi yetu, pale chakula kilipoishia kwenye meza ya kwaya. Safari hii atakula mpaka aombe poo. Heshima yangu yote iko kwa Komandoo.

Mke wangu Monica kaulizia tena mlango wa choo. Nimemwonyesha gunia nililotundika. Linatosha kabisa.

Jumatano, 5 Juni

Wilbert huyo, kaja na fimbo. Eti nguruwe hachinjwi mpaka ulimi uangaliwe. Nimekataa. Monica kasema usipoangaliwa, yeye hapiki. Basi tukamlaza Komandoo, Wilbert akamzuia meno kwa fimbo, akauvuta ulimi kwa kitambaa, akapapasa chini yake. Kisha akaniambia nipapase na mimi. Vipele vigumu, kama punje za mchele chini ya ngozi.

Kasema ni tegu. Kasema nguruwe huipata akila kinyesi cha mtu mwenye minyoo hiyo tumboni. Halafu akaligeukia gunia la choo chetu. Akalitazama weee!

Nimemfukuza. Lakini Monica keshampigia simu mkaguzi wa nyama, aje Jumamosi. Ndoa ina mambo.

Alhamisi, 6 Juni

Hila imenijia naoga. Vipele vikitoboka, mkaguzi ataona nini? Nikachukua sindano ya Monica, nikamvizia Komandoo kalala. Kimoja kilitoboka. Cha pili, akaamka.

Kidole changu! Nilipiga ukunga mpaka Wilbert akaruka ukuta. Kambanua Komandoo taya kwa fimbo, kaniosha kidole kwa sabuni, kanifunga vizuri kabisa, na hakucheka hata kidogo. Alicheka alipofika kwake. Nimemsikia. Hata hivyo namshukuru, maana nilikuwa naona nyota.

Ijumaa, 7 Juni

Kidole kinauma, akili inachemka. Ulimi ukiharibika si unabadilishwa? Nimepanda bodaboda mpaka machinjioni Vingunguti. Nguruwe pale hakuna, nimepata wa ng'ombe. Ulimi ni ulimi. Muuzaji, Abdulhadi, kaniuliza kwa upole nataka wa supu au wa kuchoma. Nikasema ni wa mgonjwa. Kanipa pole, kanichagulia mkubwa kuliko zote. Jamani, Dar ina watu wema!

Mama mkwe kafika jioni. Nimempa shikamoo. Kaitikia marahaba, macho kwenye kidole.

Jumamosi, 8 Juni

Komandoo kachinjwa asubuhi. Nikautoa ulimi wake, nikautia wa ng'ombe. Mdomo ukagoma kufunga. Nikausukuma, ukatokea upande wa pili.

Mkaguzi, dada Jenipher, kauinamia ule ulimi. Kisha kaniuliza, kwa heshima zote, kama huyu nguruwe zamani alikuwa maksai. Monica kajifunika kanga usoni. Jenipher wala hakujali kichwa tena. Kapasua moyo, bega, paja. Punje nyeupe kila mahali! Kasema mnyama mzima azikwe, shimo refu, mafuta ya taa juu. Nikamwomba tuchemshe sana tu. Kakataa.

Katueleza: anayekula nyama hiyo haijaiva anapata tegu tumboni. Mayai yake yakitoka chooni yakaingia kwenye chakula, kwa mikono isiyooshwa, yanaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Mtu anaanguka kifafa.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya shimo. Nikajua leo natukanwa. Kumbe analia. Kasema kaka yake aliangukia motoni. Walizunguka kwa waganga miaka, wakigombana nani kamroga, mpaka hospitali ikawaambia ni minyoo ya kichwani. Na kwao nguruwe walikuwa wanazurura. Kanishika mkono, ule wa kidole kibovu, kasema anashukuru hakuna mtoto aliyeila nyama hii.

Nikamwangalia Efrasia akimenya chungwa kwa mikono yake midogo. Nimeogopa. Kweli nimeogopa.

Jumapili, 9 Juni

Wilbert huyu! Kaleta nguruwe wake mwenyewe, aliyekaguliwa na kugongwa muhuri, kasimamia jiko mpaka kila kipande kikaiva mpaka ndani. Sikumwomba. Jumuiya imekula, imesaza. Mama mkwe kaongeza sahani, kaniita mwanangu. Nilisimama kutoa shukrani, nikamwita Wilbert ndugu yangu mbele ya paroko.

Jumatatu, 10 Juni

Zahanati, familia nzima, tumepimwa choo. Efrasia mzima! Monica mzima! Mwenye tegu ni mie. Kumbe Komandoo nilimwambukiza mwenyewe, na nikataka kuwalisha wageni. Dawa nimemeza. Efrasia hajaugua kitu. Nimepiga magoti pale pale kwenye benchi, asante Mungu, asante, mpaka nesi akauliza kama nina kizunguzungu.

Jumanne, 11 Juni

Fundi kaweka mlango wa choo. Wa mbao, una komeo. Monica kaufungua na kuufunga asubuhi nzima, anaimba. Wilbert kanizawadia kitoto cha nguruwe, kwa sharti moja: kikae bandani, na banda liwe na mlango imara. Nimemwapia. Nimekiita Luteni.

Jumatano, 12 Juni

Ahadi ni deni. Banda nimelimaliza leo, Monica akiwa amemsindikiza mama mkwe stendi. Kila fundi ananiambia mlango wa mbao ni mpaka wiki ijayo. Luteni atakaa wazi wiki nzima? Nimwangushe Wilbert, baada ya wema wote ule?

Asante Mungu kwa kuniumba mjanja! Mlango imara nilikuwa nao hapa hapa nyumbani. Umekaa bandani kama umepimwa, na komeo lake. Wilbert atafurahi sana.

Chooni nimerudisha gunia.