Nyota Juu ya Mkaa

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa maabara katangaza: atakayefaulu ndiye atakayewaonyesha kazi wageni wa kiwanda cha manukato. Molekuli ya mafuta ya mdalasini ina sehemu mbili ambapo haidrojeni inaweza kujishika. Ishike moja tu, ya pili isiguswe! Cha kutusaidia ni unga mweusi: mkaa uliobeba chembe za madini ya paladi, ndogo hazionekani kwa macho. Tunashindana mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu. Mtoto wa juzi! Katia unga wa ncha ya kijiko. Mimi nimetia kwa moyo mkunjufu. Gesi ya haidrojeni nayo nimefungulia.

Jumanne, 4 Machi
Nimemaliza kabla ya chai. Shemeji bado anachungulia kipimo cha gesi kama anauguza mgonjwa. Nimempa pole. Kisha mashine ya kupima mafuta ikatoa mchoro wangu: haidrojeni imeshika huku na huku. Haikubakiza kitu! Nikasema mashine mbovu. Mkuu akasema mashine nzima, akaniangalia mimi.

Jumatano, 5 Machi
Ili kuficha aibu, nimechuja ule unga, nikautupa na karatasi yake kwenye pipa la taka. Ulipokauka, ukawaka! Wenyewe! Bila kiberiti! Nikabaki nimeduwaa, moto mzuri kweli. Shemeji akanisukuma kando, akamwaga mchanga. Akasema unga uliotumika bado una haidrojeni, ukikauka hewani unawaka, unatakiwa ukae majini. Nikasema najua, nilikuwa nampima. Nyumbani mke akaninusa, akauliza nimeunguza nini. Nikasema utafiti.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kafaulu. Mafuta yake yananukia maua! Akaniita kwenye skrini ya hadubini ya elektroni, akasema, “Shem, njoo uone.” Nikainama. Mkaa mweusi, na juu yake chembe za paladi zimetapakaa kama nyota. Nyingi mno! Na kila moja imesaidia haidrojeni kushika pale, ikaacha pale. Nikasahau kujisifu. Mimi! Hata wivu niliusahau, mpaka shemeji akaniambia wenzangu nao wanataka kuona.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wamempigia shemeji makofi. Akawaambia mimi ndiye niliyewafundisha wote tahadhari ya moto. Wakaniangalia kwa heshima! Mkuu kanikabidhi unga mpya, akaonya usipate joto kali: chembe zitaungana ziwe mabonge, unga utakufa. Nikaitikia kwa unyenyekevu wote.

Lakini chembe ndogo zikifanya maajabu yale, mabonge je?

Nimewasha tanuri. Joto la mwisho.