Dawa ya Konde

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa kampuni katupima. Presha yangu iko juu. Kisha akanipa kichuma chenye mshale, cha kuminya kwa kiganja ili kupima nguvu za mkono. Mshale ukajikongoja, ukalala. Shemeji, ndugu wa mke wangu na utingo wa lori langu, akaminya hadi ukagota! Daktari akaeleza kwamba mkono dhaifu mara nyingi ni dalili ya mwili mzima kulegea, na misuli ikilegea moyo nao huelemewa. Nitembee, ninyanyue vitu, nipunguze chumvi. Atarudi baada ya wiki mbili. Nisipobadilika, usukani anapewa shemeji. Niliogopa, sifichi. Daktari akaniambia nipige moyo konde. Kumbe dawa ni konde!

Jumatano, 6 Machi
Nimeanza mazoezi ya mkono wa kulia. Huo tu, ndio unaopimwa. Mke wangu kauliza kama daktari hakutaja kutembea. Nikamjibu dereva hatembei, anatembeza. Akasema kama shida yangu ni kuminya, mablanketi yamo kwenye beseni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeyakamua nimekaa.

Jumamosi, 9 Machi
Mbinu mpya. Kila asubuhi nampa shemeji mkono, namminya hadi anachuchumaa. Atapimwa vidole vimevimba! Leo kanishtaki kwa dada yake. Mke wangu kasema zamani nilikuwa mkono wa birika, sasa nimekuwa koleo. Akataka kuninyang'anya kichupa cha chumvi. Tukaking'ang'ania. Nikashinda. Dalili njema.

Jumatatu, 18 Machi
Siku yenyewe. Nikaminya. Mshale ukapaa! Nikamtupia shemeji jicho. Ndipo daktari akaniambia ninyanyuke kitini bila kushika popote, nikae, nirudie. Nikanyanyuka. Nikakaa. Basi. Moyo ulinienda mbio, pumzi ikakata, na shemeji ndiye aliyenishika kwapani, kwa vidole vilevile, akaniinua. Daktari akasema ukiusukuma mshale wa mafuta kwa kidole, tangi halijai. Presha ipo palepale. Ufunguo kapewa shemeji hadi nipimwe tena. Nilitaka kulia.

Jumanne, 19 Machi
Nimekaa upande wa utingo. Shemeji anaendesha vizuri, inaudhi. Kanisihi nishuke tushushe mizigo pamoja, taratibu, eti misuli itarudi na moyo utapata nafuu. Nimekataa, nina shughuli. Nimeshaugundua ujanja wa daktari: kiti chake kilikuwa kifupi mno! Jioni nimekwenda kwa seremala. Nimemwagiza kiti kirefu, ambacho mtu akikikalia ni kama amesimama.