Tumbo yangu na ngoma ya Papa Bahati

Wandugu, leo nimeaibika mpaka mbwa za kijiji ya Kalembe zimeangalia pembeni. Nawaelezea mi mwenyewe, mbele bengine bawaelezee na chumvi. (Chumvi haina lazima. Iko ya kutosha.)

Munajua ya Vumilia, binti mwenye nataka kuoa. Baba yake, Papa Zakaria mwenye ng'ombe, aliniambia hawezi kupokea posa ya kijana mwenye hajamuona mu batu. "Ukuje ku ndoa ya dada yake mukubwa," akasema, "nikuangalie." Njo leo ile ndoa. Kwa hiyo sikuwa naenda kula. Nilikuwa naenda kupimwa.

Kijana mwengine angebeba kuku. Mi nikabeba gramofoni.

Na disiki moja, ile nilinunua kwa Mwarabu mwenye duka kule Walikale. Ngoma tupu, hakuna kuimba. Alinifundisha vile banaicheza kwabo: "Miguu inakaa, mabega inakaa, mikono juu, tumbo njo inatembea." Yeye mwenyewe hakuonyesha. Ile tumbo yake, nazani iliogopa kuanza safari. Tangu wakati ya mahindi najifunza mu nyumba, mulango umefungwa, shati imekunjwa juu ya kitovu. Disiki inaanza, naanza. Disiki inaisha, naisha. Nikajiona mwalimu.

Basi nikafika ku ndoa, nikaweka gramofoni juu ya kiti katikati ya lupango, ile kiwanja ya nyumba yabo, nikazungusha mukono yake, nikashusha sindano. Mu nyumba ile mashini inapiga kelele mpaka majirani banagonga ukuta. Mu batu bengi vile, na bamama banapiga vigelegele, ilikuwa nzi mu chupa. Mama mumoja akainama, akaweka sikio: "Inaugua?"

Papa Bahati, mujomba wa Vumilia, njo mukubwa wa bapiga ngoma. Akanihurumia. "Mwanangu, acha ile ipumuzike. Sisi tuko hapa. Unajua kucheza na ngoma ya mukono?"

Hapa muntu mwenye akili anajibu, "Kidogo tu, Papa." Mi nikajibu kwa sauti, ili Papa Zakaria asikie: "Papa, mi nimezoea ya mashini, ile haikoseake. Ya mukono ni ya kuchezesha batoto."

Papa Bahati hakukasirika. Akaangalia benzake bawili, akatema mate mu viganja. (Mukiona muzee anatema mate mu viganja, mukimbie.)

Bakaanza. Nikakunja shati, nikainua mikono, nikatembeza tumbo. Na ilikuwa muzuri, sidanganye. Bamama balisahau masufuria ku moto. Vumilia akafunika kinywa na kitambaa, nikasema mu roho, ni mapendo. Na Papa Zakaria, mwenye hachekake hata ng'ombe ikizaa mapacha, akasogeza kiti mpaka nyuma yangu kabisa.

Nikangoja ngoma iishe.

Haikuisha.

Nikasema, labda ya hawa iko murefu. Nikapunguza mwendo, nibaonyeshe kama tumefika mwisho. Nabo bakapunguza, polepole, banafuata tumbo yangu kama mbwa inafuata mufupa. Nikasema, aa, hawa banataka mwisho ya nguvu. Nikaongeza. Bakaongeza. Jasho ikaingia mu macho. Maharagi ya asubui ikaanza kuuliza njia. Na suruali, yenye ilikuwa inashikiliwa na tumbo ile ile, ikaanza kushuka.

"Kijana iko na nguvu," mama mumoja akasema.

"Nguvu gani? Ni jeuri," mwengine akajibu. "Anataka kuuwa bazee ba batu."

Vumilia akaniletea kitambaa, anajifanya kunipangusa uso. Nikamunong'oneza: "Bataacha lini?"

"Banani?"

"Bapiga ngoma."

Akaniangalia vile unaangaliaka mbuzi mu kanisa. "Lakini weye njo unamalizaka! Muchezaji anaenda anainama, anagusa ngoma na mukono, njo banaacha. Utabaachishaje bila kubaheshimu? Hata mutoto hana meno anajua."

Mutoto hana meno anajua. Mi niko na meno yote.

Nikaenda. Papa Bahati akaniona nakuja, akapiga kwa heshima, polepole. Nikainama, nikagusa ngozi. Ngoma ikanyamaza. Mu ile kimya, suruali ikashuka yote.

Ningeiinua mbio, lakini tumbo ilikuwa imefanya kazi kuzidi kipimo, ikakazana kama kamba. Sikuweza kunyooka, wala kufikisha mukono ku magoti. Nikabaki vile, kichwa ku ngoma, nyuma ikiangalia baba mukwe.

Na sasa nawaambia siri ya bamaskini. Kaputula yangu ya ndani nilishona mimi mwenyewe, mu gunia ya kule kwetu ku kazi, kwenye tunapangaka mazao kwa kalite, nzuri mbali na hafifu mbali. Nilifua mara nyingi, maandishi ilikataa kutoka.

Papa Zakaria alijifunza kusoma akiwa mukubwa, ku misioni, kwa hiyo anasomaka kwa sauti, na hana haraka.

"Ka-ha-wa," akasoma. Akasogea karibu. "Ka-li-te ya pi-li."

Wandugu, bibi harusi alianguka chini kwa kicheko. Bwana harusi alilala juu yake, banalia bote bawili. Papa Bahati mwenyewe njo alinivalisha suruali, kama banavalisha mutoto wa kubatizwa.

Kisha Papa Zakaria akaniita, akanipa maziwa. Nikakunywa nimejikunja.

"Mwanangu," akasema, "kalite si shida. Hata ya pili tunakunywaka. Lakini mi niko na ng'ombe. Nikikutuma kukamua, utangoja ng'ombe ikwambie basi?"

"Hapana, Papa."

"Leo nimeona utakamua mpaka damu. Enda kwa Bahati. Siku atakuja kuniambia unajua kuacha, tutaongea ya Vumilia."

Kesho naenda kujifunza kuacha. Kuanza nilijifunza peke yangu, bure.

Mukinikuta ku barabara ya Mweso, munisalimie vizuri, muniulize ya mvua na ya mihogo. Ya tumbo, muniachie. Bado inauma nikicheka, na ninyi njo munaanzaka kucheka.