Mashine Ndani ya Mashine, Jikoni kwa Katibu wa Njiwa

Jumatatu, 5 Agosti 2019. Whyalla. Baridi, magoti yanauma.

Kompyuta ya klabu imekufa. Saa tatu asubuhi, kwenye meza ya jikoni kwangu. Imekohoa, imetoa harufu ya soksi iliyoungua, kimya. Mimi ni katibu wa klabu ya njiwa wa mbio, mwaka wa ishirini na mbili huu. Nilisoma hadi darasa la nne tu, na bado hajatokea katibu kama mimi. Muulize yeyote. Usimuulize Clarrie Treloar.

Clarrie anautaka ukatibu wangu tangu aliponunua kofia ya ngozi. Kufika mchana alikuwa mlangoni na pole zake. Amesema wanachama wameshaongea. Jumamosi ni mbio za kombe, kutoka Coober Pedy. Mashine isipotoa matokeo, ukatibu unahamia kwake. Nimesema itatoa. Ameuliza, kwa kutumia nini? Nimefunga mlango.

Cetta, mke wangu, amesema anasikitika, ila ameikumbuka meza yake.

Jumanne, 6 Agosti.

Nimeipasha joto kwa kikaushia nywele cha Cetta. Sasa vimekufa viwili.

Mpango wa pili: ile kompyuta nyembamba tuliyopewa na binti yetu tuone sura za wajukuu. Nimeiwekea programu ya matokeo. Imekataa. Eti programu ni ya zamani mno. Aliyeiandika ni Lindsay, mwanachama mwenzetu, na Lindsay tulimzika mwaka 2011 na ujuzi wake wote. Nimeiambia ile nyembamba kwamba hata mimi ni wa zamani. Haikujali.

Mpango wa tatu: Noelene, jirani wa ng'ambo ya uzio. Miaka thelathini alikuwa ofisi ya kompyuta kiwandani, kwenye chuma. Sasa ana mawaridi yake na hataki kusikia habari za kompyuta. Nimemrushia salamu, kisha pastizzi sita, zile sambusa za jibini za Cetta. Ya nne ilipoisha akauliza shida ni nini. Ameichungulia maiti. Amesema kilichokufa ni nyumba, mwenye nyumba ni mzima: kila kitu kimo kwenye diski. Atamhamisha.

Nimechoka. Kubeba klabu peke yako si mchezo.

Jumatano, 7 Agosti.

Maajabu. Ndani ya ile nyembamba kimefunguka kidirisha, na ndani ya kidirisha, kompyuta ya klabu nzima! Imewaka polepole kama zamani, inalalamika kama zamani. Programu ya Lindsay ikafunguka na kuuliza jina la katibu. Nimeandika Karmnu. Ikakubali. Nilijifuta pua kidogo. Vumbi.

Noelene anaiita mashine pepe. Haina chuma wala waya, ni kompyuta iliyoundwa kwa hesabu tupu, inaishi ndani ya kompyuta ya kweli. Programu ikiomba diski, inapewa faili moja kubwa na kuambiwa diski ndiyo hiyo. Ikiomba kumbukumbu, inakatiwa kipande cha kumbukumbu ya mwenye nyumba. Haijui kama imehama.

Nikamwambia basi imekalia yai la plasta. Hakuelewa. Nikamweleza: jike akitaga wakati wa mbio na hutaki alee makinda, unamwondolea mayai, unamwekea la plasta. Analilalia, ametulia, anajiona mama. Noelene kacheka. Kasema wahandisi wa kiwandani aliwaeleza kwa siku mbili na hakuna aliyeisema kwa ufupi hivyo. Nayaandika haya kwa sababu Cetta hakuwepo kuyasikia.

Nimeuliza wenye akili timamu wanazitakia nini mashine hizo. Kasema kiwandani mashine moja kubwa ilibeba arobaini pepe, kila moja ikidhani iko peke yake, kama njiwa wetu kwenye vikapu vya lori. Wengine hujaribia humo vitu vya mashaka. Kikiharibika, imeharibika ya ndani tu. Na wengine ni watu kama mimi, wenye kitu cha zamani ambacho hakuna nyumba mpya inayokitaka.

Alipoondoka nilimwambia Cetta kwamba yote hayo niliyajua.

Alhamisi, 8 Agosti.

Noelene kanionyesha jambo moja zaidi. Unaweza kuipiga picha mashine pepe ilivyo sasa hivi. Halafu ukiharibu, unarudi kwenye picha, na mashine haikumbuki kitu.

Nimejaribu. Nimepiga picha, nikamfuta Clarrie kwenye orodha ya wanachama. Nikarudi kwenye picha. Clarrie huyo. Nimemfuta mara sita. Mchana mzuri.

Noelene alinikuta kwenye ya saba. Kasema neno moja, bila kutabasamu: "Ukirudi kwenye picha, kila kilichotokea baada yake kimekwenda. Chote, mzee. Haichagui huyu wala yule."

Nimemwambia sitachagua. Tayari nilikuwa na mpango.

Ni hivi. Njiwa akitua bandani, pete ya mguuni inaandika muda kwenye saa ya mwenye banda. Saa zinaletwa jikoni kwangu, programu inazisoma, na ikishasoma, saa inajifuta. Clarrie hana subira, huleta yake wa kwanza. Nitapiga picha asubuhi. Nitaisoma saa ya Clarrie. Akienda kunywa chai, narudi kwenye picha. Kisha nawasoma wengine. Clarrie atakuwa hayumo kwenye mashine wala kwenye saa yake. Na kuna kanuni ya saba, niliyoiandika kwa mkono wangu mwaka 2004, Clarrie alipoleta muda wake umeandikwa kwenye pakiti ya sigara: ambacho mashine haikukisoma, hakikuruka.

Nimeipitia mara tatu. Haina tundu.

Jumamosi, 10 Agosti. Siku ya kombe.

Njiwa wamefunguliwa Coober Pedy saa moja kamili asubuhi. Picha nilishapiga.

Saa saba na dakika hamsini na mbili, Filumena katua! Jike langu la kijivu, nimempa jina la mama mkwe kwa sababu wananitazama sawasawa. Miaka kumi na tisa sijaleta njiwa mapema namna hii. Cetta kaandika muda kwenye kalenda. Nikakaa kwenye ndoo.

Saa kumi wamekuja watu. Clarrie hayupo, kapata pancha. Sikuweza kungoja. Nilisoma saa yangu mwenyewe, ya kwanza kabisa, watu wote wakiona.

Kisha Clarrie kaingia, mikono ina grisi. Wa kwake katua saa saba na dakika arobaini na saba. Dakika tano kabla ya Filumena. Alisema kwa upole, ndilo lililoniuma. "Pole, Katibu. Mwaka huu njiwa wako kajitahidi."

Nikaisoma saa yake. Nikamtuma kwa Cetta akachukue pastizzi. Nikabonyeza. Kidirisha kikapepesa, ikawa asubuhi tena. Safi. Nikawasoma waliobaki, watu sita, nikachapa.

Clarrie hayumo kwenye karatasi.

Mimi pia simo.

Nimeitazama ile karatasi mbele na nyuma. Kombe limekwenda kwa Dulcie Pruitt, miaka themanini na moja, ambaye alikuja kwa ajili ya chai.

Clarrie akauliza yuko wapi. Nami nikauliza niko wapi, kwa sauti zaidi. Nikasema mashine imetumeza wote wawili. Noelene alikuwa amekuja kuangalia mtoto wake, mashine pepe, anaendeleaje. Akachukua penseli. Mshindi wa mbio zetu hapatikani kwa kutua mapema, anapatikana kwa kasi, na banda langu liko mbali zaidi na Coober Pedy, kilomita nane nyuma ya la Clarrie. Akaandika, akagawanya, akaandika tena.

"Filumena ndiye wa kwanza," akasema. "Kwa mita nne kila dakika."

Dulcie, mtu wa haki, akataka kunipa kombe. Clarrie naye, mshenzi yule, akasema nimestahili. Kisha akauliza kanuni ya saba inasemaje. Ikabidi niisome. Hakuna mwingine aliyejua miwani yangu iko wapi. Kombe likabaki kwa Dulcie.

Wakati wa kutoka Noelene kaniinamia sikioni. "Nilikwambia haichagui, mzee."

Hakumwambia mtu. Afadhali angesema.

Jumapili, 11 Agosti.

Kura. Saba kwa moja. Wamenisifu sana, kama watu wanavyosifu kwenye mazishi. Wamesema mashine imenionea. Clarrie ni katibu.

Alasiri kaja kuichukua mashine. Nilikuwa nimevaa koti, nimejiandaa kuiona ikitolewa mlangoni. Noelene kaichomeka flashi, kainakili mashine pepe yote, kampa. Klabu nzima, miaka ishirini na miwili, imeondoka kwenye mfuko wa shati la Clarrie. Ameaga vizuri. Ameacha kofia yake kwenye kiti, ikabidi nimkimbilie nayo.

Jumatatu, 12 Agosti. Mvua.

Sikulala vizuri. Alfajiri jambo limenijia: alichochukua ni nakala. Yenyewe bado imo humu mezani.

Nimeiwasha. Imeuliza jina la katibu. Nimeandika Karmnu. Ikakubali bila swali. Nimeingiza muda wa Filumena kwa mkono, kutoka kwenye kalenda. Imesema wa kwanza. Nimechapa. Nimebandika kwenye friji. Kisha nimefuta kanuni ya saba.

Cetta kaisoma karatasi, kanitazama kama mama yake. Akauliza jike akikalia yai la plasta, hukaa muda gani kabla ya kujua.

Nimemwambia wiki tatu, wengine zaidi, inategemea ukaidi wa jike. Sijui kwa nini ameuliza, wala hatuna jike anayelalia sasa. Akaanza kusukuma vikombe mezani kutafuta nafasi.

Jumamosi kuna mbio nyingine. Clarrie atakuwa na mashine yake, mimi yangu. Kosa la safari ile nimeliona: picha moja haitoshi. Nitapiga mbili.