Kiti cha Mkuu wa Chumba cha Mashine

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa chumba cha mashine anastaafu. Mkurugenzi atamtaja mrithi wake Ijumaa. Tuko wawili tu: mimi na mwenzangu ninayemwita Miwani. Miwani! Mtu anayepangusa kibodi kabla ya kuigusa, na anayesoma mwongozo mpaka kurasa za shukrani. Jana nilishamwambia mama mkwe kwamba cheo nimepata. Nilipitiwa. Alikuwa amemsifu shemeji yangu muda wote wa chakula, na mimi nina moyo wa nyama.

Sina wasiwasi. Nina mpango. Kompyuta yetu kuu, lile kabati jeusi linalonguruma, inatumia mfumo wa Linux, na kila ikiwashwa husoma maagizo yaliyohifadhiwa kwenye diski: itumie kumbukumbu kiasi gani, mfumo wake uko diski ipi. Lakini anayeiwasha anaweza kuandika vigezo, yaani maagizo yake mwenyewe, palepale, na hivyo ndivyo vinavyoshinda. Kesho naiwasha mimi. Nitaiagiza itumie robo tu ya kumbukumbu. Itajikokota. Watu watalia. Mimi nitaiponya. Cheo!

Jumanne, 5 Machi

Imejikokota vizuri mno. Mhasibu alibonyeza kitufe, akaenda kunywa chai, akarudi, bado. Akapanda ngazi kuja kututukana. Nikamwambia kwa sauti ya daktari kwamba tatizo ni zito, ila nimeshaanza kulishuku. Nimeliacha liive mpaka kesho, Mkurugenzi aje alione mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Nimefika, mashine inakimbia. Miwani aliiwasha upya asubuhi, basi. Vigezo vya kuandika wakati wa kuwasha hudumu mpaka mashine izimwe; ikiwashwa tena bila kuambiwa kitu, inarudia maagizo ya diski. Jambo hilo nililijua. Sikulikumbuka tu. Mkurugenzi amempa Miwani mkono mbele ya watu. Mhasibu amemletea biskuti. Mimi nimepata moja, imevunjika.

Mama mkwe amepiga simu. Amenunua kiti cha kuzunguka, cha ngozi, cha mkuu hasa. Atakileta kazini mwenyewe Ijumaa. Nimemwomba asijisumbue. Amesema mkwe wake hawezi kuongoza watu akiwa juu ya plastiki.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimemwalika Mkurugenzi aone jinsi mtaalamu anavyowasha mashine. Kaja na wahasibu wote. Nikaandika kigezo changu, safari hii kumbukumbu yote bila kubakiza, na mwanzoni mwake nikaweka alama ya sawasawa, ile ya vistari viwili. Niliwahi kuiona kwenye mwongozo na ilikaa kitaalamu.

Kweli ni ya kitaalamu. Maana yake: tupilia mbali maagizo yote yaliyohifadhiwa, fuata haya yangu peke yake. Na yangu yalihusu kumbukumbu tu. Mashine haikujua hata mfumo wake uko diski ipi! Ikatapika maneno kioo kizima, kisha ikaganda. Mkurugenzi akauliza kama hiyo ndiyo kawaida yake. Nikasema ndiyo, inapasha misuli. Miwani akaninong'oneza, akauliza kama namruhusu ajaribu. Akaiwasha upya bila kuandika chochote, ikaamka. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Cheo ni cha Miwani.

Mama mkwe alifika tangazo halijapoa, vijana wa duka nyuma yake wamebeba kiti. Akauliza mkuu mpya anakaa wapi. Mlinzi, Mungu amsamehe, akamwelekeza. Miwani alidhani ni kiti cha ofisi. Akashukuru, akakaa, akazunguka. Ndipo mama mkwe akageuka, akaniona pembeni kwenye stuli yangu ya plastiki. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Kiti hakudai. Akamtazama Miwani kwa muda, kisha akamuuliza kama ameoa.

Binti yake ni mmoja tu. Nimemuoa mimi!

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu amesema mimi na mashine ile ni ndugu wa tumbo moja: tukizimika tukaamka, ya jana yote yamefutika, tunarudia tabia zetu zilezile. Nilimwitikia tu. Nilikuwa nawaza.

Kosa langu sasa nimeliona. Nilifanya mambo ya muda! Ile robo ya kumbukumbu ilitakiwa kuandikwa humohumo ndani ya diski, isitoke. Hapo Miwani ataiwasha upya mpaka vidole viote sugu, na wataniita mimi. Jumatatu zamu ni yangu.

Nimeshampigia mama mkwe kumhakikishia kwamba safari hii kile kiti cha mkuu nimekipata.